MREJESHO: Futi ya kukunja ya marehemu babu

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu futi ya mbao ya babu yangu, fundi seremala wa Tanga: inakunjika kuwa vipande vinne, bawaba za shaba zimekwama, na jina la mtengenezaji limefifia. Nimerudi na majibu.

Aliyenishauri nimulike tochi kwa ubavu, Mungu akubariki. Herufi zilijitokeza zenyewe: J. RABONE & SONS, BIRMINGHAM. Kampuni hiyo iliungana na Chesterman ya Sheffield mwaka 1963 ikawa Rabone Chesterman. Kwa kuwa yangu haina jina la pili, naamini ni ya kabla ya hapo. James Chesterman, mwanzilishi wa hiyo Chesterman, ndiye aliyepata hataza (haki ya uvumbuzi) ya futi ya kujikunja kwa springi mwaka 1829, kwa hiyo ile ya chuma tunayovuta leo ina ukoo wa karibu na hii ya babu.

Bawaba niliziwekea tone moja moja la mafuta ya cherehani, nikaziacha usiku kucha. Mbili zimefunguka laini kabisa. Ya katikati imegoma, na sitailazimisha.

Kosa langu: kabla sijasoma onyo lenu la kutotumia msasa, nilishasugua ncha moja. Alama za inchi 1 hadi 3 zimefutika, hazirudi. Kwingine nimepitisha kitambaa chenye mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kidogo tu, na mbao imerudisha rangi yake ya asali.

Asanteni sana. Siiuzi.