Kufunza modeli ya majani ya muhogo: Colab, Kaggle, au maabara inunue GPU yake?

Kisamvu22
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa uzamili, maabara yetu inashughulika na kompyuta kutambua picha. Tuko wanafunzi sita, na kompyuta moja ya mezani isiyo na GPU ya maana, ile kadi ya kompyuta inayoharakisha hesabu. Tasnifu yangu ni kufunza modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, itambue magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani: batobato, michirizi ya kahawia na mengine. Ninatumia zile picha zaidi ya 21,000 za Uganda zilizo wazi Kaggle (tovuti yenye data na kompyuta za kutumia mtandaoni), pamoja na kama 4,000 nilizopiga mwenyewe kwa simu kwenye mashamba tisa ya Mkuranga na Rufiji.

Wiki iliyopita laptopu ilijilaza usiku wakati modeli inafunzwa Colab, huduma ya Google ya kutumia kompyuta zao mtandaoni. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, kikao kimekatika na epoki zote (mizunguko ya kupitia picha zote) zimepotea, kwa sababu sikuwa nimehifadhi chochote. Msimamizi wangu anasema kuna fedha kidogo ya mradi. Tununue kadi, tulipie Colab, au tuendelee na vya bure? Ijumaa nampelekea jibu. Waliopita njia hii naomba mnisaidie.

MzeeWaPikseli
Pole sana dada. Kwa kazi hii anza na Kaggle. Data ya Uganda iko hukohuko, karibu GB 6, huishushi wala huipandishi. Unaiunganisha na daftari lako (ukurasa wa kuandikia na kuendeshea programu) na kazi inaanza. Kwa mtu anayeishi kwa bando, hilo peke yake ni kubwa. Unapata saa kama 30 za GPU kwa wiki, ama P100 moja ama T4 mbili, ambazo ni aina za GPU, na kila kadi ina kumbukumbu ya GB 16. Thibitisha namba ya simu kwanza, bila hivyo GPU haifunguki.

La usiku lina dawa. Ukihifadhi toleo la daftari na kuchagua liendeshwe lote, kazi inaendelea kwenye mitambo yao hata ukifunga laptopu ukalala. Colab ya bure inataka ukurasa ubaki hai, na kiwango cha matumizi hakitangazwi: leo unapewa T4, kesho unaambiwa hakuna.

Chagua T4 mbili na ufunze kwa namba za biti 16, yaani fupi kuliko kawaida, ili kazi iende haraka. P100 ni ya 2016 na haina viini vya tensa, sehemu za kadi zinazoharakisha hesabu za namba hizo, kwa hiyo haifaidiki na biti 16 kama T4. Lakini angalia, programu yako isipoandikwa kugawa kazi kwa kadi mbili, ya pili itakaa bure na saa zako zinaliwa vilevile.

KijanaWaJuja
Sasa Kisamvu22. Mimi niko Juja, Kenya, nilimaliza mwaka jana. Naunga mkono Kaggle, ila Colab ya kulipia usiitupe kabisa. Ni kama dola 10 kwa mwezi, na unalipa mwezi unaoutaka tu. Mimi nililipia miezi miwili ya mwisho, wakati wakaguzi walitaka majaribio yarudiwe na saa za Kaggle zilikuwa zimeisha Jumatano. Kadi pepe ya M-Pesa ilitosha kulipia, sikuhitaji benki.

Popote utakapokuwa, hifadhi modeli kila epoki, na uandike programu iweze kuendelea pale ilipoachia. Hapa kwetu stima hupotea bila taarifa, na hiyo mistari kumi ya programu imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote.

MamaMaabara
Kisamvu22 mwanangu, nimetunza vifaa vya maabara kwa miaka minane, wacha niseme upande wa kununua.

Swali la msimamizi wako si la tasnifu yako peke yake. Ninyi ni sita, na mwakani wataingia wengine. Maabara isiyo na mashine yake inabaki kutegemea akaunti za watu, na mwanafunzi akihitimu anaondoka na kila kitu: data, modeli, hata namna alivyofanya. Kwa hiyo kadi inunuliwe. Lakini usiisubiri! Manunuzi ya chuo yanachukua miezi, na tasnifu yako haina miezi hiyo.

Kuhusu kadi yenyewe, tazameni kumbukumbu kabla ya kasi. RTX 3060 ya GB 12 inatosha kufunza modeli za picha kama ResNet-50 au EfficientNet kwa picha za pikseli 512, na inakula wati 170. RTX 3090 ina GB 24, watu wawili wanaweza kuitumia kwa pamoja bila kubanana, lakini ni wati 350 peke yake. Kompyuta nzima ikila wati 500 kwa saa 10, hizo ni uniti 5 za umeme wa LUKU kila usiku. Ugavi wa umeme ndani ya kasha usipungue wati 750, na bila UPS, betri ya kushika umeme unapokatika, msithubutu.

Sisi tuliwahi kununua kadi iliyotumika. Ilikuwa inang'aa kama mpya. Wiki ya tatu joto lilifika nyuzi 90 na mashine ikajizima katikati ya kazi ya binti mmoja aliyekuwa na siku nne tu kabla ya kuwasilisha. Tulipoifungua, feni moja haizunguki na gundi ya kupitisha joto imekauka kama udongo wa kiangazi. Tangu siku ile silipi mpaka kadi ifanye kazi nzito saa nzima mbele yangu huku natazama joto.

Wala msidharau kadi ndogo. Mwaka 2012 AlexNet, modeli maarufu ya kutambua picha, ilifunzwa kwa kadi mbili za GTX 580, kila moja GB 3, kwa siku tano hadi sita, kwa picha milioni 1.2 za mkusanyiko wa ImageNet.

Shikamoo_Kampala
Mama, shikamoo. Nimefanya kazi na data hiyohiyo ya muhogo, nina mawili.

La kwanza, ipo njia isiyohitaji kufunza modeli kubwa. Chukua DINOv2 ndogo, modeli ya picha iliyokwisha kufunzwa, ipitishe mara moja juu ya picha zako zote, kila picha itoe namba 384. Picha 25,000 zinakuwa faili la MB 38 hivi. Baada ya hapo kitenganishi cha mstari, modeli nyepesi ya kupanga picha kwa ugonjwa, unakifunza kwenye laptopu, bila GPU, kwa dakika chache. Tumia hiyo kama kipimo cha chini. Modeli nzito isipoishinda, hakuna haja ya kuchoma saa 30.

La pili ndilo linalonikera ninaposoma tasnifu nyingi. Picha za Uganda zilipigwa zaidi na wakulima wenyewe, kisha wataalamu wa NaCRRI, taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda, wakaziwekea majina pamoja na maabara ya AI ya Makerere. Zaidi ya asilimia 60 ni batobato. Modeli inayojibu "batobato" kila mara, bila kutazama jani, inapata zaidi ya 60! Toa matokeo ya kila ugonjwa peke yake. Na hizo 4,000 zako umezigawaje? Kama ulizichanganya ovyo, jani la shamba moja liko kwenye kufunzia, na jirani yake wa shina lilelile liko kwenye kupimia. Gawa kwa shamba: sita za kufunzia, moja la kurekebishia, mbili zisiguswe mpaka mwisho.

Kisamvu22
Shikamoo Mama, na asanteni wote. Shikamoo_Kampala, umenigusa penyewe. Niligawa ovyo. Usiku huu nimegawa kwa shamba na matokeo ya michirizi ya kahawia yameporomoka. Nimechora ramani za joto kuona modeli inatazama wapi. Kwenye shamba moja la Rufiji tulilaza majani juu ya khanga nyekundu ya mama mwenye shamba ili yaonekane vizuri, na karibu yote pale yalikuwa na michirizi. Modeli inatazama khanga. Jani hailigusi kabisa.

MzeeWaPikseli
Hapo hata kadi ya GB 80 isingekusaidia. Umeamua nini kwa Ijumaa?

Kisamvu22
Tasnifu naimalizia Kaggle, kwanza na DINOv2 kama kipimo. Picha zangu nazipunguza hadi pikseli 512 kabla ya kupandisha. GB 16 zinashuka hadi karibu MB 320, bando la siku linatosha. Kwa maabara nimependekeza RTX 3060 mpya na UPS, si ya mtumba, na ombi la manunuzi lianze sasa.

MamaMaabara
Andika na diski ya pili ya kuhifadhia nakala. Husahaulika daima. Na picha za khanga?

Kisamvu22
Naiongeza, Mama. Za khanga nimezitoa zote. Nimeshampigia simu mama wa Rufiji, Jumamosi narudi kupiga upya, safari hii jani likiwa bado kwenye mti wake.