Mrejesho: kompyuta iliyokuwa inakatakata sauti

Wakuu, nimerudi. Wiki iliyopita niliwauliza kuhusu kompyuta yangu ya mezani inayokatakata sauti na kupasuka kama bisi kwenye sufuria, hata nikipiga taarabu tu. Kubadilisha spika na waya hakukusaidia kitu, hela imeenda bure. Aliyeniambia nipime kwa LatencyMon, programu inayoonyesha ni draiva ipi (programu ndogo inayoendesha kifaa) inachelewesha kompyuta hadi sauti inakatika, ndiye aliyenivusha: draiva ya waifai ilikuwa juu kabisa kwa kuchelewesha, mstari mwekundu. Nikazima waifai, mipasuko ikakata palepale! Nikaweka draiva mpya ya kadi ya waifai, nikawasha tena, safi. Ila nikihamisha mafaili makubwa kwenda kwenye flashi, bado inakwaruza mara mojamoja. Hilo navumilia kwanza. Asanteni sana.