Bomba la Antena, Barabara ya 12

*Kikundi: UKOO WA BARABARA YA 12, TANGA*

Zuhura: Asalaam aleikum ukoo. Fundi wa paa yuko juu nyumbani kwa Babu. Anauliza lile bomba refu lenye kutu alikate au aliache? Anasema maji yanapitia hapo hapo lilipotoboa bati.

Ami Seif: Waaleikum salaam. Asilikate! Bati abadilishe, bomba alishushe zima, aliegemeze uani. Kesho nakuja kulichukua mwenyewe.

Zuhura: Sawa ami, nimemwambia. Ameshaanza kulifungua.

Hamza: Shikamoo ami. Bomba la nini hasa? Tangu nipate akili naliona tu, nikajua la radi.

Ami Seif: Marahaba. Antena ya televisheni hiyo. Babu yako na mimi ndio tuliisimamisha. Hapo ndipo tulipoiona Kenya ikiwapiga West Indies.

Hamza: West Indies? Kwenye mpira?

Ami Seif: Kriketi mwanangu. West Indies ni timu ya visiwa vya Karibea. Kombe la Dunia, 1996.

Hamza: Sikujua kama nyumba yetu ilikuwa na watu wa kriketi. Si mchezo wa Wahindi ule?

Shangazi Mwanaidi: Hamza, wachezaji wa Kenya wale, Maurice Odumbe ni Mhindi? Steve Tikolo ni Mhindi? Uliza vizuri, uelezwe.

Hamza: Samahani shangazi, shikamoo. Nielezeni basi, mimi sijui kitu.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba baba. Seif muanzishie, mimi nageuza maandazi.

Ami Seif: Uelewe kwanza hali ya wakati ule. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar wao walikuwa nayo tangu miaka ya 70 mwanzoni, tena ya rangi, na Kenya walikuwa na VoK, shirika lao la utangazaji, ambalo 1989 likawa KBC. Sisi Tanga tumekaa katikati. Kaskazini Mombasa, mbele yetu Pemba, na Unguja kwa kule chini. Kwa hiyo mwenye bomba refu alikuwa anakula kwa majirani wote wawili.

Mama Rukia: Lakini si kila siku. Kuna siku ilikuwa chenga tupu, unasikia mtu anasoma habari humuoni sura.

Ami Seif: Kweli jirani. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa kunyooka, na Mombasa ni mbali, zaidi ya kilomita mia. Ila wakati wa kaskazi, joto likiwa kali na bahari imetulia, yanajipinda juu ya maji na kufika mbali kuliko kawaida. Ndiyo maana Januari na Februari picha zilikuwa zinaingia safi, kusi likianza unarudi kwenye chenga. Babu hakusoma mambo ya redio lakini hilo alilijua kwa kutazama bendera za majahazi.

Zuhura: Ami, fundi ameliteremsha. Kuna kamba ya katani imefungwa katikati, imeoza. Na ukutani huku nyuma kuna misumari miwili mikubwa, mmoja juu ya mwingine kidogo. Vya nini?

Ami Seif: Allah! Ipo bado kamba! Ile ndiyo usukani. Ukiivuta na kuifunga kwenye msumari wa karibu na dirisha, antena inaelekea Mombasa. Ukiifunga kwenye ule wa karibu na choo, inaelekea Unguja. Bila kamba upepo ulikuwa unaizungusha katikati ya taarifa ya habari.

Mama Rukia: Na mtu wa kukaa uani kupokea amri. "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Mtaa mzima tunasikia.

Shangazi Mwanaidi: Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa sijaolewa. Mimi nasimama uani na kamba mkononi, kaka zangu wamekaa mkekani wanatazama. Mechi ya West Indies nilikataa. Nikamwambia Baba, leo kamba atashika Seif.

Ami Seif: Alikataa kweli. Na Baba akasema ana haki.

Hamza: Mliiona mechi yote?

Ami Seif: Hapana. Mechi ilichezwa Pune, India, tarehe 29 Februari, siku inayokuja mara moja kwa miaka minne. Kwa saa zetu ilianza asubuhi na mapema na kufika mchana imekwisha. Sisi tulipata matokeo redioni, tukawa hatuamini, tukasubiri picha kwenye habari za jioni za KBC. Idi ilikuwa imepita kama wiki hivi, nusu ya nyumba wamefunga saumu ya Sita. Tumefuturu haraka haraka, watu wamejaa mpaka kibarazani.

Shangazi Mwanaidi: Jirani yetu wa duka la vitambaa alikuja na wanawe na sahani ya kachori. Yeye alikuwa na televisheni ya rangi lakini antena yake fupi, Mombasa haipati.

Ami Seif: Yetu ilikuwa ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Wachezaji wamevaa jezi za rangi, sisi wote tunawaona kijivu. Mpira wenyewe mweupe, na chenga nyeupe, mpira huuoni. Unatazama miguu ya wachezaji kujua umekwenda wapi.

Hamza: Sasa kulikuwa na ajabu gani? Timu moja imeshinda, nyingine imeshindwa.

Athumani (Mombasa): Hamza hapo umenigusa 😄 Nimekaa kimya nasoma. West Indies walikuwa wamechukua Kombe la Dunia mara mbili, 1975 na 1979. Walikuwa na Brian Lara, ambaye miaka miwili nyuma alipiga mikimbio 375, ndiyo pointi za kriketi, kwenye mechi moja dhidi ya Uingereza, halafu mwaka ule ule akapiga 501 bila kutolewa akiichezea Warwickshire, timu ya huko Uingereza. Kenya ndiyo kwanza inashiriki Kombe la Dunia kwa jina lake. Wengi wao wana kazi nyingine, kriketi wanacheza jioni na wikendi.

Ami Seif: Kenya walipiga kwanza, wakatolewa wote kwa mikimbio 166. Watu wakasema basi, 166 kwa West Indies ni kifungua kinywa. Halafu akaja Rajab Ali na mpira wake. Akamtoa nahodha wao Richie Richardson. Kisha Lara, akiwa na mikimbio 8 tu, akagusa mpira kwa ukingo wa gongo, kipa Tariq Iqbal akaudaka. Kipa yule alikuwa na miwani na mipira mingi siku ile ilikuwa inamponyoka. Ule haukumponyoka.

Shangazi Mwanaidi: Walipoonyesha hapo Baba alisimama. Mzee aliyekuwa hasimami hata akitangazwa rais.

Ami Seif: West Indies wakaisha kwa 93. Kenya ikashinda kwa mikimbio 73. Odumbe, nahodha, alitupa ova zake 10, kila ova mipira sita, akatoa mikimbio 15 tu na kuchukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu. Nyumba ililipuka kama Coastal, timu yetu ya mpira, wamefunga bao uwanjani Mkwakwani.

Mama Rukia: Mimi nilikuwa jikoni kwangu nikadhani kuna msiba.

Hamza: Lakini ami, ile ni Kenya. Sisi ilituhusu nini?

Ami Seif: Ilituhusu sana, na hili nataka ulishike. 1975, Kombe la Dunia la kwanza kabisa, timu iliyokwenda Uingereza iliitwa Afrika Mashariki. Wakenya walikuwa wengi, lakini walikuwemo Waganda, Wazambia, na Watanzania: Praful Mehta na Shiraz Sumar. Walicheza na New Zealand, India na Uingereza, wakashindwa zote tatu, tena kwa mbali. Bara hakuna aliyewaona, hatukuwa na televisheni. Babu yako alikuwa akichukua gazeti analikunja, anasema vijana wetu wamekwenda na hakuna jicho letu lililowafuata. Ile jioni ya 1996 alikuwa anamalizia jambo lililomkaa moyoni miaka 21.

Shangazi Mwanaidi: Na kriketi Baba aliijua uwanjani, si kwenye kioo. Ujana wake alikuwa anatandika mkeka wa kuchezea. Hapa kwetu hawakuchezea majani, mpira unadunda kwenye mkeka. Kazi yake kuuvuta mpaka unyooke kama shuka, na kupigilia misumari pembeni. Wakipungukiwa mtu, wanamwita aingie.

Zuhura: Hili la Babu kuingia uwanjani ndiyo nalisikia leo.

Shangazi Mwanaidi: Hamkuuliza mwanangu. Na sisi hatukusema, ni kosa letu wakubwa.

Athumani (Mombasa): Kuna kitu nataka kuongeza juu ya televisheni. 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Njiani iliwafunga Sri Lanka Nairobi, na aliyewamaliza ni kijana Collins Obuya, wiketi 5 kwa mikimbio 24, kwa mipira ya kuzungusha. Obuya aliingia kwenye mtindo ule baada ya kumtazama Mushtaq Ahmed wa Pakistan. Kwa hiyo kioo kile kilitengeneza mchezaji. Sisi huku tuliona mechi, yeye aliona mkono unavyopinda.

Ami Seif: Ahsante Athumani. Hiyo ndiyo sababu inaniuma kwamba kwetu watoto wanaona ligi za Ulaya tu. Mtoto wa Makorora hapa Tanga anajua jina la kipa wa akiba wa Uingereza, na hajui kwamba vijana wetu wa chini ya miaka 19 wamefuzu Kombe la Dunia la 2026, Zimbabwe na Namibia. Mara ya kwanza kwa Tanzania!

Hamza: Wallahi ami hata mimi sikujua.

Ami Seif: Na hakuna wa kukulaumu. Hukuonyeshwa.

Zuhura: Ami, mechi hizo zinapatikana kwa simu?

Hamza: Nitatafuta dada. Zikipatikana mtandaoni naweza kuziunganisha kwenye televisheni kubwa ya sebuleni kwa Babu. Bando nanunua mimi.

Shangazi Mwanaidi: Watoto waje wote, na wa kike. Na mtu mmoja awe anawaeleza, si kuwaacha wanatazama tu.

Ami Seif: Hiyo kazi yangu. Tena nisiwe na maneno matupu: Hamza ukija na mpira wa tenisi, mimi nachonga gongo la mti wa mwembe. Kabla ya mechi wacheze kidogo pale uani, wajue kwa nini mtu anasimama kwa ubavu.

Mama Rukia: Wangu wawili waandikeni. Na kachori naleta mimi.