Ushauri: bastola ndogo ya kujilinda, nichukue ipi?

Mzabibu: Wakuu, habari za majukumu. Nipo Dodoma, nanunua alizeti Kibaigwa, narudi Nzuguni usiku na hela. Nimeshika bastola tatu dukani Dar. Glock 19 inajaa mkononi, risasi 15. Glock 43 nyembamba, risasi 10, inajificha chini ya shati. CZ P-01 triga yake nzito, nilidhani imekwama. Ipi inamfaa mtu ambaye hajawahi kupiga?

Mstaafu_Kota: Haikukwama. CZ P-01 ina nyundo. Ikiwa imelala, kidole chako ndicho kinachoiinua, kwa hiyo mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, wa pili mwepesi. Mgeni risasi ya kwanza humwendea pembeni, ya pili humtoka kabla hajajiandaa. Glock mvuto ni uleule kila risasi, kama kilo mbili na nusu: kidole kinatembea patupu kidogo, kinagota, ukiongeza inalia. Ukiachia taratibu unasikia "tik", imeshajipanga tena. Ila haina sefti ya kidole gumba, yaani kitufe cha kuizuia isilie. Ina kile kiulimi katikati ya triga tu, na hata pindo la shati likinasa pale inaweza kulia. Bila kifuko kigumu kinachofunika triga, usiibebe.

Mama Kizota: Mimi triga siijui. Una mtoto? Marehemu mume wangu alikuwa na gobore la kufukuzia ngedere shambani, Kondoa. Siku moja nimetoka kisimani nikamkuta mwanangu wa miaka minne amelipakata kama mdoli, anaimbia.

Mzabibu: Ninaye mmoja, miaka mitano. Nitaiweka juu ya kabati.

Mwalimu_Bahi: Juu ya kabati! Wa miaka mitano anavuta kiti anapanda. Nunua sanduku la chuma lenye kufuli kabla ya bastola. Halafu hela ya alizeti siku hizi si unatuma kwa simu? Unabeba mfukoni ya nini?

Kijana wa Majengo: Hii chai. Glock 43 magazini yake inaingia 6. Ya 10 ni 43X. Aliyeishika angejua.

Mzabibu: Ilikuwa 43X, nimekosea kuandika. Situngi. Basi niseme. Siogopi majambazi wa barabarani. Ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Tunagombania kiwanja cha marehemu baba. Amekuja usiku mara mbili, amelewa. Mara ya pili alikata mlango kwa panga. Ni mninga, lakini chale moja imepenya, asubuhi niliona mwanga wa nje. Fomu ya kibali imeshapita mtaa na kata. Sababu nimeandika biashara.

Mstaafu_Kota: Ningejua hilo nisingekuandikia neno moja la triga. Hilo la panga umeripoti? Una RB, ile namba ya taarifa ya polisi?

Mzabibu: Mama amenikataza kumpeleka kaka polisi, ana presha. Na sijasema nitampiga. Nataka aione tu, aogope. Hela ya kuianzia nimeshaweka kando, mkuu.

Mama Kizota: Mlevi haogopi, mwanangu. Ataisogelea. Akiisogelea, kidole chako kitakuwa wapi?

Mwalimu_Bahi: Na umedanganya kwenye fomu ya silaha. Sheria ya mwaka 2015 si ya kuchezea. Kairudishe.

Kijana wa Majengo: Nafuta neno langu la chai, samahani kaka. Kwetu tuligombana hivyohivyo mpaka tulipofungua mirathi mahakama ya mwanzo. Msimamizi wenu ni nani?

Mzabibu: Hatujafungua. Mwaka wa tatu huu. Kila tukikaa mama analia, tunaahirisha.

Mstaafu_Kota: Kesho asubuhi kachukue RB. Na upige picha mlango kabla hujamwita fundi.

Mzabibu: Fundi amekuja leo mchana. Ule ubao uliokatwa nimeuweka uvunguni.

Mstaafu_Kota: Uchukue. Nenda nao kituoni.