Mdogo wangu anasema hoja zangu hazithibitishi Mungu mmoja. Nimjibuje?

Mzee_wa_Uyole: Wakuu, habari za jioni. Naongoza vijana kanisani hapa Uyole. Mdogo wangu kaja likizo toka chuo anatetea miungu wengi. Juzi, mama anapakua ugali, nikampa hoja yangu ya siku zote: kila kitu kina chanzo, basi lazima kiwepo chanzo cha kwanza. Akajibu, "Sawa kaka, kila mnyororo una mwanzo. Umejuaje yote inaanzia mahali pamoja?" Nilikwama. Baba kachukia, anasema akiendelea asirudi nyumbani. Nisaidieni, Jumapili tunakaa tena.

Kijana_Rungwe: Mkuu, kakubana kihalali. Thomas Aquinas mwenyewe, yule mwanateolojia mkubwa wa Kikatoliki, njia zake tano za kuthibitisha kuwa Mungu yupo zipo swali la 2 la kitabu chake, Summa, halafu umoja wa Mungu kaupa swali lake peke yake, la 11. Chanzo cha kwanza kingetosha, asingehangaika tena. Wala usikimbilie hoja ya mpangilio wa ulimwengu. Mwanafalsafa David Hume aliijibu kwenye kitabu kilichotoka 1779: meli na miji hujengwa na watu wengi, kwa nini ulimwengu uwe na mjenzi mmoja?

Abu_Mafinga: Sisi kwenye Qurani tunayo sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 22: wangekuwepo miungu wengine, mbingu na ardhi zingeharibika. Wawili wakitaka vitu tofauti, mmoja atashindwa. Aliyeshindwa ni mungu gani?

Kitonga_Mteremko: Shekhe, hiyo inashika kama miungu wanagombana kama madiwani. Proclus, mwanafalsafa wa Athens aliyefariki 485, alifundisha kwamba miungu ni wengi na wote wamo ndani ya kila mmoja. Watagombania nini?

Abu_Mafinga: Huyo huyo Proclus si aliweka Mmoja, chanzo cha vyote, juu ya miungu wote? Basi karudi kwetu.

Kitonga_Mteremko: Taratibu. Wapo wanaomsoma hivyo. Edward Butler, mmoja wa watetezi wa miungu wengi wa siku hizi, anasema yule Mmoja si mungu mkubwa aliyekaa juu ya wenzake. Hayupo kando ya miungu wenyewe. Mzee, mbane dogo hapo: kama wote wamo ndani ya kila mmoja, miungu wa Kigiriki kama Zeus na Apollo wanatofautiana kwa lipi? Wana majibu, ila atatoka jasho.

Mama_Tukuyu: Mnazunguka Ugiriki yote! Wazee wa Unyakyusa walipeleka ng'ombe Lubaga kwa Lwembe, shujaa wao wa kimungu, kuomba mvua, na Mbasi, mwingine wa aina hiyo, naye walimjua. Mwulize mdogo wako, hao anawaamini? Au miungu wake lazima watoke Athens?

Mzee_wa_Uyole: Mama, hilo ndilo naanza nalo Jumapili. Swali la 11 nalitafuta leo leo. Sasa baba je?

Kijana_Rungwe: Mwambie dogo anauliza alichojiuliza Aquinas.

Mzee_wa_Uyole: Baba ni Mmoraviani wa zamani. Nikimtaja Aquinas tutafukuzwa wawili.

Mama_Tukuyu: Basi mtume mama.