Vilengeo vya chuma au darubini: mita 50, 100, 200 na kuendelea, mnatumia nini?

Mwana_Sikonge
Wakuu, habari za leo. Nina bunduki ya boliti, ya risasi za .30-06, niliyoirithi kwa marehemu baba, taratibu zote za polisi zilifuatwa na leseni ipo. Ina vilengeo vyake vya chuma vya tangu zamani: nundu mbele, na nyuma kipande chenye ufa wa umbo la V. Baba aliwinda nayo kwenye miombo ya Sikonge zaidi ya miaka 20, na kila msimu alipopata kibali nyama ilifika nyumbani.

Mimi nina miaka 47. Msimu uliopita nilimkosa kongoni aliyesimama ubavu, mita kama 150, jua la saa nne asubuhi. Baada ya siku mbili nikamkosa kuro mita 120. Kibaya zaidi ni ngiri niliyempiga akaondoka na jeraha. Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia, kesho yake tukarudi na hatukumpata. Huyo ngiri bado ananiuma.

Kuna rafiki anataka kuniuzia darubini inayokuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele mm 40. Wazee wa huku wanasema darubini ni ya wasiojua kulenga. Naomba maneno ya waliotumia vyote viwili, kwa umbali mbalimbali.

Afande_Mstaafu
Pole kwa huyo ngiri, ndugu yangu. Niko Nanyuki, nimebeba G3, bunduki ya jeshi, miaka mingi kabla ya kustaafu. Acha nikupe hesabu kwanza, kwa sababu watu hubishana bila hesabu.

Urefu kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ndio unaoamua kosa lako litakuwa kubwa kiasi gani. Kwenye G3 ni karibu sentimita 57. Kwenye AK, ile bunduki ya Kirusi, ni karibu 38. Sasa chukua kosa la milimita 1 tu, nundu imekaa kando kidogo ndani ya ufa. Kwenye AK kosa hilo linakuwa sentimita 26 mita 100, na karibu 79 mita 300. Kwenye G3 ni kama 17 na 53. Mkono ni ule ule, jicho ni lile lile. Kwa hivyo pima bunduki ya baba yako. Nyingi za kuwindia za zamani zina kilengeo cha nyuma kilichosogezwa mbele sana juu ya mtutu, na urefu huo unakuwa mfupi.

La pili ni unene wa nundu. Nundu ya mm 2 iliyo sentimita 80 kutoka jichoni inafunika sentimita 25 mita 100, nusu mita ukifika mita 200, na sentimita 75 mita 300. Kifua cha swala chote kimejificha nyuma ya chuma. Hapo unakisia.

Jeshini tulipiga mita 300 kwa chuma na tukapata alama, ni kweli. Lakini lile lengo lilikuwa na umbo la mtu, rangi moja, limesimama kwenye tuta. Kongoni ndani ya nyasi za rangi yake ni jambo lingine kabisa.

Kongwe_wa_Pori
Naheshimu hesabu za afande, ila vijana wa siku hizi wanakimbilia vioo kabla ya kujifunza kushika bunduki. Bell aliyewinda ndovu Karamoja zaidi ya miaka 100 iliyopita alitumia bunduki ya risasi ndogo za .275, na kwa vilengeo vya chuma aliangusha ndovu zaidi ya 1,000. Darubini inaingia ukungu, inagongwa kwenye gari inahama, skrubu zinalegea. Chuma hakilegei. Baba yako aliweza, na wewe utaweza. Kafanye mazoezi.

Msasi_Rungwa
Mzee Kongwe, shikamoo. Lakini Bell alisogea karibu sana na ndovu, na ndovu si ngiri. Mwenyewe mafanikio yake aliyaweka kwenye kujua ubongo ulipo, hakujisifia macho.

Nimefanya kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji, Rungwa na upande wa Moyowosi, na bunduki za wageni nimeziona za kila namna. Naomba niseme kwa mnyama, maana huko porini umbali huamuliwa na mnyama na kichaka alichomo.

Nyati: mara nyingi ni mita 30 hadi 60, ndani ya vichaka. Hapo nimeona darubini ikimponza mtu. Mgeni mmoja alikuwa ametumia mara 9 asubuhi kumwangalia pofu mbali, akasahau kurudisha chini. Nyati akatoka mita 25. Mgeni akaweka jicho, akaona manyoya meusi yamejaza kioo chote, hajui ni bega au tumbo. Mwindaji bingwa ndiye aliyemsimamisha nyati yule, kwa bunduki ya vilengeo vya chuma. Tangu siku ile, kila tulipoingia kichakani nilikuwa nanong'ona: "Rudisha chini."

Chui kwenye chambo: mita 60 au 70 hivi, na anakuja jua likiwa linazama. Kwa chuma humwoni. Nundu nyeusi, ufa mweusi, kivuli cheusi. Kwa darubini nzuri bado una dakika kadhaa za mwanga halali ambazo jicho tupu halina. Hapa sitabishana na mtu.

Swala pala, kongoni, kuro kwenye mbuga wazi: mita 100 hadi 200. Darubini. Sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala ni kama sahani ya chai, na ukiipita kwa nyuma umepiga tumbo, na mnyama wa tumbo ni kazi ya siku nzima. Mwana_Sikonge anajua ninachosema.

Ndani ya miombo yenyewe, ambako huoni zaidi ya mita 70 kwa sababu ya miti, chuma kinatosha kwa mwenye macho mazima.

Binti_Shabaha
Nimefurahi kuona mada hii. Mimi nipo Nairobi, si mwindaji (Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977), napiga bunduki ya upepo ya mita 10 na ya risasi ndogo za .22 ya mita 50 kwenye klabu.

Nataka kumtetea mzee Kongwe kidogo. Kwenye Olimpiki darubini ya bunduki hairuhusiwi, na alama ya 10 kwenye mita 10 ni nukta ya nusu milimita. Kwenye mita 50 ni duara la mm 10.4. Watu wanazipiga hizo mfululizo kwa chuma. Wale wa mbio za theluji wanaopiga mita 50 mapigo ya moyo yakiwa juu, nao ni chuma.

Ila si chuma cha aina ya bunduki yako, Mwana_Sikonge. Sisi nyuma tuna kitundu kidogo tunachochungulia, na mbele kuna pete. Jicho haliwezi kuona vizuri vitu vitatu vilivyo umbali tofauti: ufa wa nyuma, nundu ya mbele na mnyama. Kitundu kinaondoa kimoja, kwa sababu huhitaji kukitazama. Jicho lenyewe linajiweka katikati yake. Tena kitundu kidogo hufanya mbele na mbali vyote vionekane vikali zaidi. Jaribu: toboa karatasi kwa sindano, chungulia maandishi yaliyo karibu mno na jicho lako.

Na hapo ndipo naona tatizo lako lilipo. Miaka 47. Je, simu unaisoma kwa kuinyoosha mkono?

Mwana_Sikonge
Dada, umenipata. Nainyoosha mkono, na usiku natumia miwani ya mke wangu. Sikuwahi kulihusisha na bunduki. Ufa wa nyuma nauona kama moshi.

Mswahili_Surrey
Basi umeshajibiwa nusu. Niko Uingereza, mwenyeji wa Tanga, napiga kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley. Hapa shindano kubwa la mfalme lilianza mwaka 1860 Wimbledon, likahamia Bisley mwaka 1890, na mpaka leo linapigwa kwa vilengeo vya kitundu, kuanzia yadi 300, fainali yadi 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914. Kwa hiyo anayesema chuma hakifiki mbali hajafika huku.

Lakini sikilizeni jambo hili. Kanada alikuwako mpigaji aitwaye George Farquharson. Macho yalipozeeka hakutaka kuacha mchezo, ndipo ukaanzishwa mtindo wa kupiga umbali ule ule kwa darubini na bunduki iliyoegemezwa. Ndio unaoitwa F-Class, F ni herufi ya jina lake. Na ilibidi duara za katikati zipunguzwe hadi nusu, vinginevyo alama zingejaa. Hiyo nusu ndiyo inayonionyesha darubini na egemeo vinaongeza nini, kwa watu ambao tayari wanajua kupiga.

Upepo hata hivyo haujali una kioo gani. Upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni unahamisha risasi ya .308 zaidi ya mita 2 ikifika yadi 1,000. Darubini hukuonyesha kwa uwazi mkubwa mahali usipopiga.

Kwa uwindaji, .30-06 iliyopangwa ipige katikati mita 100 itashuka kama sentimita 10 mita 200, na kati ya 35 na 40 mita 300. Hivyo hata ukiwa na kioo cha mara 9, mita 300 ni ya mtu anayeujua mteremko wa risasi zake na aliyeupima kwenye karatasi. Kumwona mnyama vizuri hakukupi ruhusa ya kumpiga.

Kongwe_wa_Pori
Marahaba Msasi. Suala la macho sikulifikiria, nakiri. Mimi nimejaliwa, nina 68 na mbali naona. Lakini kijana usivue vilengeo vya baba. Nunua vishikizio vya kufungua haraka, darubini ikipata shida unaitoa na chuma kipo chini yake.

Afande_Mstaafu
Nakubaliana na mzee. Na mwanachama mwenzetu akishafunga, ayaangalie haya. Jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kioo, .30-06 ina teke na nimeona nyusi zilizopasuka. Darubini ipo sentimita 4 hivi juu ya mtutu, kwa hivyo ukipiga kitu cha mita 15 risasi itaingia chini kwa karibu sentimita 3. Na adhuhuri ukikuza mara 9, mazigazi yanachemsha picha yote. Shusha hadi 4 au 5, utaona vizuri kuliko juu.

Msasi_Rungwa
Porini iache kwenye 3. Mnyama wa mbali atakupa muda wa kuzungusha. Wa karibu hatakupa.

Binti_Shabaha
Naomba kabla hujalipa, upige kwanza ukiwa umelala, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, chuma kwa mita 50, 100 na 150, risasi tano tano. Halafu darubini ya rafiki, hivyo hivyo. Kama kundi la matundu ya mita 50 nalo limetawanyika, tatizo ni kifyatulio na pumzi, na kioo hakitatibu.

Mwana_Sikonge
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilienda uwanja wa shabaha kwa kibali, nikafanya kama dada alivyosema.

Chuma: mita 50, risasi tano ndani ya sentimita 7. Mita 100, sentimita 19. Mita 150, tatu kwenye karatasi, mbili sijui zilikwenda wapi.

Darubini kwenye mara 4: mita 100, sentimita 5. Mita 150, sentimita 8. Mita 200, sentimita 12, zote zimeingia chini kama Mswahili_Surrey alivyosema.

Kwa hiyo kifyatulio kiko sawa, ni macho. Darubini nimeinunua, na vishikizio vya kufungua haraka vinakuja kutoka Arusha. Nimejiwekea mwisho: chuma mita 60, darubini mita 180, zaidi ya hapo namwacha mnyama aende. Vilengeo vya baba nimevisafisha na kuvipaka mafuta, vimebaki palepale.

Swali moja limebaki kwa Msasi: kwa ngiri anayekimbia kukatiza njia mita 40, unainua darubini ya mara 3 au unamwacha?

Msasi_Rungwa
Namwacha, kaka. Akisimama kugeuka, na mara nyingi husimama, hapo ndipo naweka jicho.