Miaka tisa ya kuuendesha mfumo haikutosha kwa sababu sina cheti

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha.

Kwa miaka tisa nimefanya kazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Nilianza stoo nikiandika mizigo inayopokelewa, nikafikia kuwa mtu anayeitwa na kila idara pale mfumo wa kompyuta unaounganisha manunuzi, ghala, mauzo na uhasibu unapogoma. Mwaka huu kampuni ilihamia mfumo mpya, ikatangaza nafasi ya msimamizi wake, nami nikaomba. Barua ya majibu ilitaja sababu moja tu, kwamba sina cheti cha kitaalamu kinachotolewa na watengenezaji wa programu hiyo. Aliyechukuliwa alikuwa navyo vitatu.

Naomba nieleze kilichofuata, kwa sababu wengi wanaotetea vyeti hivi hawajawahi kusimama kwenye mizani alfajiri boti zinapoingia. Sangara hupokelewa kwa kilo, lakini akishachakatwa habaki bidhaa moja: hutoka minofu ya kusafirishwa nje, hutoka mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, ambayo bei yake kwa kilo huiacha mbali ile ya minofu, na hubaki mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanayouzwa humu humu mjini. Mwoka mikate huingiza unga, sukari na hamira akatoa mkate; sisi tunaingiza kitu kimoja na kutoa vingi, na gharama ya samaki yule lazima igawanywe kwa vyote kwa uwiano ambao mhasibu anaweza kuutetea. Zaidi ya hapo, kila katoni lazima iweze kufuatiliwa hadi kwenye shehena ilimotoka, maana wanunuzi wa Ulaya hawana mzaha katika jambo hilo, na sisi tuliokuwapo mwishoni mwa miaka ya 1990 tunakumbuka jinsi marufuku za Umoja wa Ulaya zilivyouumiza ukanda huu wa ziwa.

Mwenye vyeti vitatu aliweka mpangilio aliousomea, ule wa mwoka mikate. Gharama yote ikaangukia kwenye minofu, mabondo yakasomeka ghalani kwa thamani ya sifuri, na tulipofunga mwezi mfumo ukaonyesha kwamba kila kilo ya minofu inauzwa kwa hasara. Kana kwamba hilo halikutosha, aliingiza salio la kuanzia la ghala, kisha akahamisha oda za manunuzi za mzigo uliokwisha kuhesabiwa humo zikiwa bado wazi, yaani zikisomeka kama hazijapokelewa, hivyo karani alipozipokea, mzigo mmoja ukahesabiwa mara mbili. Saa nne za usiku nilipigiwa simu mimi, yule asiye na sifa. Nilirekebisha kwa siku tatu, bila hata shilingi ya ziada, na taarifa iliyokwenda kwa wakurugenzi haikunitaja.

Sisemi kwamba kijana yule hana akili. Nasema kwamba mtihani aliofaulu haukumwuliza jambo hata moja kati ya hayo. Mitihani hii kwa sehemu kubwa ni ya kuchagua jibu, na maswali yake yaliyovuja huuzwa mtandaoni pamoja na majibu, kiasi kwamba mtu anaweza kufaulu bila kufunga mwezi hata mmoja maishani mwake. Hata anayesoma kwa uaminifu hujifunza zaidi jina la menyu na mahali ilipo, na elimu ya namna hiyo huchakaa haraka: vyeti vingi vya Microsoft vya ngazi ya juu ya ile ya msingi huhitaji kuhuishwa kila mwaka, na SAP, kampuni nyingine inayotengeneza programu za namna hii, imetangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa ECC, ambao watu walitumia miaka mingi kuusomea, yatakoma mwishoni mwa 2027.

Kwa haki, cheti kina thamani mahali pamoja ninapopajua vizuri, nako ni kwa wakala anayeuza na kusimika programu. Tangu 2022 Microsoft huwapa mawakala wake alama ambazo sehemu yake hutokana na idadi ya wafanyakazi waliofaulu mitihani, na hadhi ya wakala hutegemea alama hizo. Wakala akidai cheti, ana sababu. Kiwanda cha samaki hakiongezewi alama yoyote na mtu yeyote; kimenakili sharti la wakala na kuliweka kwenye tangazo lake, kisha kikalitumia kuwafungia mlango watu wake wenyewe, ambao ada ya mtihani mmoja kwao ni ya kukopa.

Nafasi ile imetangazwa tena wiki hii, na sharti la kwanza ni lilelile. Ninawaomba waajiri wa Mwanza mnaosoma hapa mfanye jambo moja kabla ya kuuliza vyeti: mfungulieni mwombaji nakala ya majaribio ya mfumo wenu, mpeni hati za mapokezi ya siku moja, mwambieni afikishe mzigo huo kutoka kwenye mizani hadi kwenye ankara ya mauzo, kisha mhasibu akague. Na wale mliowahi kukaa kwenye usaili wa nafasi kama hizi, nielezeni kwa nini hamfanyi hivyo.